Kutafuta Usichokijua Jina: Uhakiki wa Kiswahili cha Mipangilio ya Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inahakiki Kiswahili kinachotumika katika sehemu ya mipangilio ya mifumo endeshi ya kompyuta za mezani na mpakato. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu anaoupata mtumiaji wa Kiswahili anapotafuta na kurekebisha mipangilio hautokani na mpangilio wa kurasa pekee, bali pia na maamuzi ya kiisimu ambayo kwa kawaida huachwa hadi mwisho wa kazi ya utengenezaji wa programu. Vipengele vinne vinachunguzwa: uteuzi wa istilahi, upatanisho wa kisarufi, utafutaji wa maneno katika lugha inayotumia viambishi awali, na mipangilio ambayo jamii ya Waswahili inaihitaji lakini mifumo haijaifikiria. Makala inapendekeza kwamba tafsiri ya mipangilio ipimwe kwa uwezo wake wa kumfikisha mtumiaji anakokwenda, wala si kwa ulinganifu wake na matini ya Kiingereza.

1.0 Utangulizi

Kila mfumo endeshi una sehemu ambayo mtumiaji haendi kufanya kazi, bali huenda kuielekeza kompyuta namna ya kumfanyia kazi. Humo hukuza maandishi yasiyosomeka, hupunguza mwanga, hubadili lugha, huunganisha printa, na huamua ni programu gani iruhusiwe kutumia kamera. Sehemu hii hutembelewa mara chache, lakini ndiyo inayoamua kama chombo kitamtii mwenyewe au kitaendelea kumtii mtengenezaji wake.

Historia ya sehemu hii ni historia ya mvutano. Katika Windows, paneli ya kudhibiti mfumo ilikuwapo tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Windows 8 ya mwaka 2012 ilileta ukurasa mpya wa mipangilio, na Windows 10 ya mwaka 2015 ikaupanua, lakini paneli ya zamani haikuondoka. Kwa miaka mingi mtumiaji alikuwa na nyumba moja yenye sebule mbili, asijue mgeni wake amekaa katika ipi. Kampuni ya Apple, katika toleo la macOS Ventura la mwaka 2022, iliacha jina lililomaanisha ‘mapendeleo ya mfumo’ na kuchukua linalomaanisha ‘mipangilio ya mfumo’, ikabadilisha pia safu za ikoni kuwa orodha ndefu ya pembeni. Katika ulimwengu wa programu huria, GNOME 2 ya mwaka 2002 ilipunguza machaguo kwa makusudi. Mwaka huohuo Havoc Pennington alitetea msimamo kwamba kila chaguo lina gharama: hulazimika kujaribiwa, kutunzwa na kusomwa hata na asiyelihitaji. Watengenezaji wa KDE walishika njia nyingine ya kubaki na machaguo mengi na kutafuta namna bora ya kuyapanga. Toleo la Plasma 5.20 la mwaka 2020, kwa mfano, lilimwezesha mtumiaji kuona kwa alama ni mipangilio ipi imebadilishwa kutoka hali yake ya awali.

Mijadala hiyo yote ilihusu mambo mawili: idadi ya machaguo na mahali pa kuyaweka. Figa la tatu, yaani maneno yanayoyataja machaguo hayo, lilichukuliwa kuwa limekwisha kukaa mahali pake. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza dhana hiyo inaweza kuvumilika. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili haivumiliki, kwa sababu maneno anayoyakuta ni matokeo ya tafsiri, na mara nyingi tafsiri hiyo ilifanywa kwa orodha ya maneno yaliyotenganishwa na ukurasa wake.

Juhudi za kukipa Kiswahili nafasi katika kompyuta si za jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Kazi hizo zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuitaja kompyuta. Swali lililobaki, ambalo ndilo la makala hii, ni kama Kiswahili hicho kinamwezesha mtu kuitawala.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo mawili yanayokamilishana. La kwanza ni la Nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Vermeer, kwamba ubora wa tafsiri hupimwa kwa kusudi ambalo matini lengwa imekusudiwa kulitimiza. Kusudi la neno lililo katika ukurasa wa mipangilio ni kumwelekeza mtu aliye na haja. Tafsiri inayolingana na neno la Kiingereza bila kumfikisha mtu huyo kwenye haja yake imeshindwa, hata ikiwa haina kosa la kikamusi.

Wazo la pili ni la Norman (1988), anayebainisha mapengo mawili baina ya mtu na chombo. Pengo la utendaji liko baina ya kile mtu anachotaka na njia anayopewa na chombo ya kukitimiza. Pengo la tathmini liko baina ya hali halisi ya chombo na uwezo wa mtu kuitambua hali hiyo. Katika mipangilio, mapengo yote mawili huzibwa kwa maneno kwa kiasi kikubwa. Istilahi na utafutaji huhusu pengo la kwanza: ni neno gani litanifikisha? Upatanisho na hali za vitenzi huhusu la pili: je, jambo nililolitaka limekwisha kutendeka?

3.0 Istilahi na Pengo la Utendaji

Neno lililoenea zaidi kwa sehemu hii ni mipangilio. Ni neno zuri kimofolojia: kutokana na panga tunapata pangilia, na kutokana na pangilia tunapata mpangilio na wingi wake. Hata hivyo, kiambishi tamati -o kinachounda nomino hiyo hutaja zao la tendo. Mpangilio ni kitu kilichokwisha kupangwa. Nomino yenyewe haisemi nani alipanga wala haimwaliki msomaji apange upya. Hili si kosa la kulikataa neno lililokwisha kukubalika. Ni sababu ya kudai kwamba maneno yanayolifuata, ndani ya kurasa, yabebe mwaliko ambao kichwa chake hakiubebi.

Mwaliko huo haupatikani kwa urahisi katika neno binafsisha na nomino yake ubinafsishaji, ambayo katika baadhi ya violesura hutumika kutaja kitendo cha mtu kuifanya kompyuta ilingane na mapenzi yake. Tangu miaka ya 1990, msomaji wa magazeti ya Tanzania na Kenya anajua ubinafsishaji kuwa ni kuhamisha mashirika ya umma kwenda mikononi mwa watu binafsi. Neno limekwisha kushika kazi katika uwanja wa siasa na uchumi, na kazi hiyo ina hisia kali. Mtu anayetaka kubadili picha ya eneokazi lake hatarajii kuipata chini ya neno linalomkumbusha viwanda vilivyouzwa. Tatizo si kwamba neno lina maana mbili, kwani maneno mengi yana maana nyingi. Tatizo ni kwamba maana iliyotangulia haimpi msomaji njia yoyote ya kuikisia hii ya pili.

Mapendeleo, linalotumika kwa machaguo ya mtu, lina historia ya namna yake. Umoja wake, upendeleo, katika matumizi ya kila siku humaanisha kukosa haki baina ya watu: mwajiri mwenye upendeleo, mwamuzi mwenye upendeleo. Wingi ndio uliookolewa na matumizi ya kompyuta, ukapewa maana ya vitu mtu avipendavyo. Utengano huu wa umoja na wingi unavumilika mradi tu wingi ndio unaotumika daima. Pale programu inapolazimika kutaja pendeleo moja, mfasiri hujikuta hana umoja salama, na neno chaguo humfaa zaidi.

Istilahi inayostahili uhakiki mkali zaidi ni chaguo-msingi, inayotumika kwa hali ambayo mfumo huifuata ikiwa mtumiaji hakuchagua lolote. Katika Kiswahili, msingi ni kile kinachobeba jengo: haki za msingi, elimu ya msingi, sheria ya msingi. Kinachoitwa cha msingi hakiguswi bila hatari. Kumbe dhana inayotajwa hapa ni kinyume chake: ni chaguo lisilo na uzito wowote zaidi ya kwamba lilitangulia. Mtumiaji anayeambiwa kwamba kivinjari fulani ni ‘chaguo-msingi’ anaweza kwa haki kabisa kuelewa kwamba kompyuta yake inakitegemea, na kwamba kukibadilisha ni kubomoa. Kwa njia hiyo, neno lisilo na nia mbaya linalinda uamuzi wa mtengenezaji dhidi ya mtumiaji. Chaguo la awali lingesema ukweli ulio sahihi zaidi: hili ndilo lililokuja na chombo, na likibadilishwa, jengo halianguki.

Si istilahi zote zinazostahili lawama. Mipangilio ya kina, kwa ile migumu inayofichwa nyuma ya ukurasa wa kwanza, ni uteuzi wa kupigiwa mfano. Kina ni neno la baharini na la visima. Linatahadharisha bila kukataza. Humwambia msomaji kwamba chini kuna zaidi, na kwamba ajuaye kuogelea anaweza kwenda. Tofauti baina ya msingi na kina inaonyesha kwamba uteuzi wa istilahi si suala la usanifu mtupu. Neno moja humfunga mtumiaji, jingine humwachia nafasi.

Pingamizi linalotarajiwa ni la mazoea. Itasemwa kwamba tovuti na barua pepe yalikuwa mageni siku moja, na leo hayamshangazi mtu. Pingamizi hili ni sahihi kwa maneno yanayotumika kila siku. Sehemu ya mipangilio, hata hivyo, haitembelewi kila siku. Mtu anaweza kubadili mpangilio wa kibodi mara moja katika maisha ya kompyuta yake. Neno atakalokutana nalo mara hiyo moja halina muda wa kuzoeleka. Linapaswa kujieleza lenyewe papo hapo. Kwa hiyo istilahi za mipangilio zinahitaji uwazi mkubwa kuliko istilahi za jumla za kompyuta, na orodha moja ya istilahi haiwezi kuhudumia nyanja zote mbili kwa kipimo kimoja.

4.0 Upatanisho, Njeo na Pengo la Tathmini

Mtumiaji akishafika mahali anapopataka, hukutana na swichi. Kiingereza hutumia neno moja fupi kutaja hali ya kitu kinachofanya kazi na jingine kutaja kilichozimwa. Maneno hayo hayataji mtendaji wala hayaamuru. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Mfasiri hulazimika kuchagua kitenzi, na akichagua kitenzi hulazimika kuchagua pia hali yake. Washa ni amri. Imewashwa ni taarifa.

Tofauti hii, ambayo Austin (1962) angeitambua mara moja kama tofauti baina ya matendo-uneni mawili, ina matokeo yanayoonekana. Chukua swichi ya kuruhusu programu zijue mahali mtumiaji alipo. Ikiwa imezimwa na pembeni yake pameandikwa Zima, msomaji mmoja ataelewa kwamba huduma imezimwa, na mwingine ataelewa kwamba anaelekezwa abonyeze ili aizime. Huyu wa pili, katika kujilinda, ataiwasha. Utata unaongezwa na kivumishi -zima, kwani chombo kizima ni kile kisicho na hitilafu. Faragha ya mtu inategemea hapa uchaguzi wa mfasiri baina ya kitenzi cha kuamuru na kitenzi cha kutendwa chenye -me-. Lugha ina njia ya wazi ya kutofautisha hayo mawili; kutoitumia ni kupoteza uwezo huo kwa hiari.

Hata hivyo, anayechagua imewashwa hakumaliza kazi. Kiambishi cha i- katika kitenzi hicho kinapatana na nomino za ngeli za 4 na 9 tu. Kamera imewashwa, lakini kipaza sauti kimewashwa, mtandao umewashwa, arifa zimewashwa, na mapendekezo yamewashwa. Mifumo mingi huhifadhi taarifa ya hali mara moja na kuitumia kwa kila swichi. Matokeo yake ni kurasa ambamo mtandao ‘imewashwa’ na vikumbusho ‘imezimwa’, sentensi ambazo mtoto wa darasa la tatu angesahihishiwa. Vivumishi vya ukubwa vina shida hiyohiyo. Neno kubwa, likihifadhiwa peke yake, linafaa kwa ikoni. Halifai kwa maandishi, ambayo ni makubwa, wala kwa kishale, ambacho ni kikubwa, wala kwa upau wa kazi, ambao ni mkubwa.

Chanzo cha makosa haya si uzembe wa wafasiri. Mfumo wa kuhifadhi matini ulijengwa kwa dhana kwamba neno lina umbo moja popote liendapo. Baadhi ya nyenzo zimeshalegeza dhana hiyo. Gettext, inayotumika sana katika programu huria, humruhusu mtengenezaji kuambatisha muktadha kwenye neno ili neno moja la Kiingereza lipate tafsiri tofauti mahali tofauti. Hifadhi ya data za lugha ya CLDR, inayotegemewa na mifumo mingi, hutambua kwamba Kiswahili hutofautisha umoja na wingi. Lakini idadi si ngeli. Mfumo unaojua kwamba kuna vifaa vitatu bado haujui kwamba ‘vifaa’ vinadai vi-.

Wakati nyenzo hazijakamilika, sarufi yenyewe ina mwanya unaoweza kutumiwa. Nomino ya jumla inaweza kuwekwa ili ibebe upatanisho badala ya nomino mahususi. Pakiandikwa Hali: imewashwa, kitenzi kinapatana na hali, iwe kinachozungumziwa ni kamera, kipaza sauti au mtandao. Vivyo hivyo, Kiwango: cha chini, cha kati, cha juu hupatana daima, kwa sababu kiwango ndicho kinachotawala. Mbinu hii haihitaji mabadiliko yoyote katika programu. Inahitaji mfasiri anayefikiri kisarufi kabla ya kufikiri kikamusi, na mhariri anayempa ruhusa ya kuacha umbo la Kiingereza.

5.0 Utafutaji katika Lugha ya Viambishi Awali

Jibu linalopendwa siku hizi kwa wingi wa mipangilio ni kisanduku cha kutafutia. Badala ya kupita mlango kwa mlango, mtumiaji huandika anachokitaka. Windows, macOS, GNOME na KDE zote zina kisanduku cha namna hiyo. Hoja ya wanaokitetea ni kwamba kinamwondolea mtu mzigo wa kuujua mpangilio wa kurasa. Kinachosahaulika ni kwamba kinambebesha mzigo mwingine, wa kulijua jina. Na katika Kiswahili, kulijua neno hakutoshi. Ni lazima kulijua katika umbo lilelile alilolichagua mfasiri.

Utafutaji unaolinganisha herufi kwa herufi unajengwa, bila kutamkwa, juu ya nadharia ya kimofolojia: kwamba mzizi wa neno huja mwanzoni na mabadiliko huja mwishoni. Nadharia hiyo inafaa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa. Katika Kiswahili mambo hugeuka. Anayeandika kifaa hapati ukurasa unaoitwa Vifaa. Anayeandika mtandao hapati Mitandao. Kwa upande mwingine, lugha, sauti, betri, skrini na faragha hupatikana bila shida, kwa sababu ni nomino ambazo umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi. Hivyo kisanduku cha kutafutia huyapendelea maneno ya ngeli za 9 na 10, ambamo maneno mengi ya mkopo hukaa, na huyaadhibu maneno yenye viambishi vya Kibantu. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini hayo ndiyo matokeo.

Unyambuaji una matatizo yake. Mtu mwenye haja hufikiri kwa vitenzi: anataka kuunganisha, kuchapisha, kuonyesha. Vichwa vya kurasa, kinyume chake, huwa ni nomino. Ikiwa ukurasa unaitwa Muunganisho, anayeandika unganisha huushuhudia mkasa mdogo: akiwa ameandika unganish, ukurasa hujitokeza katika orodha, akiongeza a ya mwisho, hutoweka. Lakini ukurasa unaoitwa Uchapishaji humpata anayeandika chapisha, kwa kuwa nomino zinazoundwa kwa -aji huhifadhi kitenzi kizima ndani yake, ilhali zile za -o hukata irabu yake ya mwisho. Hata nafuu hiyo hupotea pale mfumo unapolinganisha mianzo ya maneno pekee.

Wanaleksikografia wa Kiswahili walikabiliana na tatizo hili zamani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliorodhesha nomino nyingi zilizonyambuliwa chini ya vitenzi vyake, hivyo anayemtafuta msemaji alilazimika kwenda kwenye sema. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliorodhesha nomino kwa herufi ya kwanza ya umoja wake. Utaratibu wa kwanza humsaidia ajuaye sarufi. Wa pili humsaidia aliyelisikia neno. Kila mmoja una gharama, na gharama hizo zilijadiliwa kwa uwazi na watu wa taaluma. Katika mipangilio ya kompyuta uamuzi uleule hufanywa bila mjadala, na anayelipa gharama yake hajui kwamba kuna uamuzi uliofanywa.

Tiba ipo, na sehemu yake haihitaji uvumbuzi. Katika mifumo ya GNOME na KDE, kila ukurasa wa mipangilio unaweza kubeba orodha ya maneno-elekezi yasiyoonekana na mtumiaji, ambayo kisanduku cha kutafutia huyasoma. Orodha hiyo hutafsirika. Mfasiri anayetafsiri maneno-elekezi ya Kiingereza moja baada ya jingine hupata orodha fupi ya visawe vya Kiingereza vilivyovishwa Kiswahili. Mfasiri anayeelewa kazi yake angeandika hapo umoja na wingi, kitenzi na nomino, istilahi sanifu na neno la mtaani. Ukurasa wa skrini ungebeba skrini, kioo, mwanga, ung’avu, kuza, kukuza na maandishi makubwa. Ukurasa wa kipanya ungebeba kipanya, puku na mausi. Ukurasa wa akaunti ungebeba nywila, neno la siri na paswedi.

Mahali hapa pana manufaa ya kinadharia pia. Mjadala wa usanifishaji wa istilahi za kompyuta, wa tarakilishi dhidi ya kompyuta au kipanya dhidi ya puku, umeendeshwa kana kwamba neno moja likishinda mengine lazima yafe. Orodha ya maneno-elekezi inaonyesha uwezekano mwingine. Neno moja huandikwa mlangoni, na mengine yote huachwa yaufungue mlango. Usanifu unabaki katika kile chombo kinachosema. Uhuru unabaki katika kile mtu anachoweza kukiambia chombo. Utengano huo ungemfaa pia mtumiaji aliyejifunza kompyuta kwa maelekezo ya Kiingereza, ambaye leo hulazimika kuirudisha kompyuta nzima kwenye Kiingereza ili aweze kufuata maelekezo ya ukurasa mmoja.

6.0 Mpangilio Usiokuwapo: Saa ya Kiswahili

Uhakiki wa yaliyomo haukamiliki bila kutaja yasiyokuwamo. Ukurasa wa tarehe na saa humpa mtumiaji machaguo ya kawaida: majira ya eneo, na uonyeshaji wa saa 12 au saa 24. Chaguo ambalo Mswahili hulitumia kila siku kinywani halimo. Kwa hesabu yake siku huanza na macheo, na saa moja asubuhi ndiyo ile ambayo kompyuta huiandika 7:00.

Mfumo uliotafsiriwa hukutanisha hesabu mbili katika kirai kimoja. Maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku ni ya Kiswahili. Tarakimu ni za hesabu nyingine. ‘Saa 7:00 asubuhi’ ni kirai ambacho kila neno lake ni sahihi na ambacho hakuna saa halisi inayoitwa hivyo, kwa maana saa saba ni ya mchana au ya usiku. Msomaji hulazimika kuamua kama aamini tarakimu au aamini neno. Anayejaribu kujitengenezea njia kwa kubadili majira ya eneo kwa saa sita huishia kuharibu saa za barua pepe na miadi yake yote, kwa sababu mfumo huelewa kwamba amehamia upande mwingine wa dunia.

Mfano huu unabainisha mpaka wa tafsiri. Hakuna mfasiri, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kulitafsiri chaguo ambalo halikuandikwa. Umahususi wa utamaduni ungepaswa kuingia katika hatua ya usanifu, wakati machaguo yanapoorodheshwa. Msimamo wa kwamba kila chaguo lina gharama unastahili kuulizwa swali hapa: gharama hiyo hulipwa na nani? Chaguo lisilowekwa nalo lina gharama, ila hulipwa na yule asiyekuwapo mezani pale machaguo yalipopunguzwa. Hata uwakilishi wa lugha yenyewe ni mwembamba. Kifurushi cha Kiswahili cha Windows kilibeba msimbo sw-KE, wa Kenya, kana kwamba lugha inayozungumzwa katika nchi nyingi ina anwani moja.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba urahisi wa kutafuta na kurekebisha mipangilio kwa Kiswahili unategemea mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa taaluma ya isimu. Istilahi za mipangilio zipimwe kwa uwazi wake kwa mtu anayezikuta mara ya kwanza, na chaguo-msingi na ubinafsishaji zitazamwe upya kwa kipimo hicho. Hali za swichi zitajwe kwa vitenzi vya taarifa, si vya amri, na nomino kama hali na kiwango zitumike kubeba upatanisho pale mfumo unaposhindwa kutambua ngeli. Maneno-elekezi ya kisanduku cha kutafutia yaandikwe upya kwa kufuata mofolojia na matumizi halisi ya Kiswahili. Mahitaji kama ya saa ya Kiswahili yafikishwe kwa wasanifu wa mifumo kabla ya hatua ya tafsiri.

Kazi tatu za mwanzo zinaweza kuanza mara moja, hasa katika mifumo huria, ambako faili za tafsiri ziko wazi kwa yeyote. Zingefaa kuwa mada za tasnifu za uzamili katika idara za Kiswahili: mwanafunzi mmoja achukue ukurasa mmoja wa mipangilio, awape wazungumzaji haja kumi za kutimiza, anakili maneno wanayoyaandika, kisha ayalinganishe na yale yaliyomo. Data ya namna hiyo ingefaa kamati za istilahi kuliko mijadala ya upendeleo wa maneno. Hadi hapo itakapopatikana, mtumiaji atakayeshindwa kuukuza mwandiko wa skrini yake ataendelea kudhani kwamba hajui kompyuta, ilhali alichokikosa ni umbo la neno ambalo mtu mwingine alimchagulia.